Fumbo la maneno la "piga": safu ya 2 inagoma

Msukasuku: Wakuu, natunga fumbo la 9 kwa 9 ambalo majibu makuu yote hutanguliwa na "piga". Nimeweka DARUBINI mstari wa 1 kuanzia kisanduku cha kwanza, na MARUFUKU mstari wa 9 kuanzia cha pili, ili mraba ukigeuzwa juu chini weusi (visanduku visivyoandikwa herufi) ubaki palepale. Safu ya 2 wima inaanza na A na kuishia M. Nimekwama. Halafu, neno "piga" liandikwe kwenye kila kidokezo?

Herufi_Shufwa: Haitajazika hiyo. Karibu kila neno la Kiswahili huishia irabu, na M yako iko chini kabisa. Tia weusi mstari wa 8 kwenye safu za 2, 4, 6 na 8, zilipo M, R, F na K. Ukifuata ulinganifu, mstari wa 2 nao unapata weusi safu hizohizo. Sasa tazama safu za 3, 5 na 7: juu zinaanza na R, B, N, chini zinaishia A, U, U. Hapo umepona.

Ila zina herufi 9, na neno la silabi za konsonanti na irabu tupu huwa shufwa daima (DEKI 4, DARUBINI 8). Ukitaka witiri tafuta lenye mb, nd, ch, kw, au linaloanza na irabu kama ASALI. Rahisi zaidi ni kukata mbili kati yake: mstari wa 5 weka weusi safu ya 3 na ya 7. Safu ya 3 juu inakaa RIBA au RAHA, chini KURA, na hilo ni jibu lingine la piga bila jasho.

Fundi Vidokezo: "Piga" iseme mara moja tu, juu ya fumbo: "Majibu yenye nyota hutanguliwa na piga". Kisha usilitumie tena popote, hata katika kidokezo kisicho na nyota.

Ngumi, teke na kofi ziache, maana hapo piga ni kupiga kweli na hakuna fumbo. Utamu uko pale maana ya kipigo imepotea: KALAMU (achisha kazi), CHUKU (tia chumvi katika habari), JEKI (inua gari, au mtu aliyekwama), PASI (ikiwa ndefu, umeshinda njaa).

Chunga visawe. Soga, gumzo na porojo zinatofautishwa na idadi: 4, 5, 6. Lakini ukiandika "lainisha ubao", RANDA na MSASA zote zina 5 na zote zinaishia A. Makutano yakiwa kwenye herufi ya mwisho pekee, mtu atajaza msasa kwa amani kabisa na fumbo litamharibikia mbele. Pitisha neno la wima kwenye herufi ya 1 au ya 3, au taja chombo: "kwa chuma chenye makali".

Msukasuku: Weusi umekubali. Na CHENGA, ch ni kisanduku kimoja au viwili?

Herufi_Shufwa: Viwili, kwa hiyo 6. Ng' nayo viwili, ritifaa (alama ya ') unaidondosha.