Binti wa miaka 12 hajui maji kabisa: nimwanzishe vipi hapa Mombasa?

UmmNaima
Asalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 12, yuko gredi ya saba, na maji hayajui. Ufuoni mwisho wake magotini, na akirushiwa tone usoni hushtuka akaanza kujifuta macho. Nataka aanze likizo ya Agosti. Je, amechelewa? Anaona haya kuchanganywa na watoto wa miaka mitano. Bwawani au baharini? Anajistiri, sasa avae nini kisichomzuia? Na ni masomo mangapi kabla sijamruhusu kwenye maji yanayompita kimo? Naomba majibu ya kina, msinifiche kitu.

KochaMajiya
Waaleikum salaam, mama Naima. Hajachelewa. Wa umri huu ukimweleza kwa nini miguu inazama, huirekebisha siku hiyo hiyo. Wa miaka mitano hawezi. Kinachomrudisha nyuma ni woga, maana ameshajua kuwa maji yanaua. Kwa hivyo usikubali kocha anayeanza na mitindo. Aanze na pumzi.

Siku mbili za mwanzo maji yamfike baina ya kitovu na kifua. Ashike ukingo, avute pumzi kwa mdomo, azamishe uso, atoe pumzi kwa pua polepole huku akivuma "mmmm". Kuvuma huko kuna kazi yake: pua inayotoa hewa haiingizi maji. Akifikisha mara kumi mfululizo bila kujifuta uso, amepita. Kosa la wengi ni kubana pumzi ndani ya maji, kisha kichwa kikitoka wanataka kutoa na kuvuta kwa pamoja. Nafasi haitoshi, wanapaliwa, na woga unarudi upya. Miwani mpe, ila dakika tano za mwisho wa kila somo aivue. Mtu akitumbukia kwa bahati mbaya hana miwani.

Halafu afunzwe kusimama, kabla hata ya kuelea. Hatua hii makocha wengi wanairuka na mimi inanisikitisha sana, kwani mtoto aliyelala juu ya maji asijue atasimamaje hutapatapa hata kwenye maji ya kiuno. Akiwa kifudifudi: magoti yaje kifuani, viganja vibonyeze maji kwenda chini, kichwa kiinuke, nyayo zishuke. Akiwa chali: ashushe makalio kama anayekaa kitini, kidevu kifuani, magoti yaje juu, mikono iteke maji kutoka nyuma kuja mbele. Arudie mpaka afanye bila kufikiri.

Sasa aelee. Chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, mapafu yamejaa. Miguu ya mtoto mwembamba itazama, na hilo si kosa lake: hewa iko kifuani, misuli na mifupa ya miguu ni mizito. Akinyoosha mikono nyuma ya kichwa, miguu inapanda kidogo. Lakini akiinua kichwa tu kuangalia mama yuko wapi, nyonga zinashuka papo hapo. Tafadhali usimwite jina akiwa ameelea.

Miguu ipigwe kutoka nyonga, goti lilegee kidogo, kifundo kilegee kabisa. Wengi huendesha baiskeli: goti linakuja tumboni, maji yanasukumwa mbele, mtoto habanduki alipo. Kabla ya mikono, asukume ukuta kwa nyayo, mikono imenyooka, kichwa katikati yake, ateleze mita tatu bila kupiga chochote. Akiyaweza hayo, mikono na kuvuta pumzi kwa upande hufuata bila vita: sikio moja libaki majini, mdomo utoke kidogo tu.

Mwana_wa_Likoni
Kocha, na heshima zote, bwawa ni kutumia pesa bure. Mtoto wa pwani afunzwe baharini. Chumvi yenyewe inambeba.

KochaMajiya
Ni kweli maji ya chumvi yanabeba zaidi, ndugu yangu. Lakini Agosti ni kusi, upepo mkali wa kusini, wimbi fupi linampiga usoni kila anapofungua mdomo, na kazi yake ya kwanza ni pumzi. Tena baharini haoni chini, na kina kinabadilika somo likiendelea. Bwawani kwanza, bahari baadaye. Bahari lazima aijue, anaishi kando yake.

NahodhaTudor
Hapo kwa bahari niongeze. Maji yetu si ya mchezo: siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Huna haja ya kitabu. Hesabu mwezi wa Kiislamu, bamvua iko karibu na mwandamo na karibu na tarehe 15, na siku moja au mbili baada yake. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, ni katikati ya hapo, na hizo ndizo siku za mwanafunzi. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo saa iliyokuwa nzuri Jumatatu Ijumaa si hiyo.

Mwingize maji yanapoanza kujaa, atoke kabla hayajajaa kabisa. Yanapokupwa yanavuta kwenda nje, hasa kwenye vijito kama Tudor na Mtwapa na pale mwamba ulipo na mlango. Akivutwa na mkondo asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aelee, ainue mkono, apite kwa ubavu sambamba na ufuo mpaka mkondo uachie.

Zile tyubu za kukodi pale ufuo wa Pirates msimkalishe asiyejua kuogelea. Asubuhi upepo wa umande ukivuma kutoka bara unazisukuma nje taratibu, na mtoto hagundui mpaka sauti haifiki. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5, mtupu, kifuniko kimekazwa, ufungie kamba ya mita 10. Mtu akizidiwa, mrushie huo. Usimfuate kwa mikono mitupu, maana anayezama hukukumbatia shingo.

Bi_Majengo
Mavazi, mama Naima: nailoni yenye mvutano, si pamba wala dera. Ijaribu nyumbani. Ichovye ndooni, iinue. Ikichuruzika ikawa nyepesi, sawa; ikibaki nzito kama blanketi bichi, irudishe. Angalia ndani kiunoni: gauni lazima liwe na vitanzi vya kufungia kwenye suruali. Bila vitanzi, akilala chali gauni hupanda likamfunika uso, na huyo tayari anaogopa maji usoni. Kichwani kofia inayobana na kufunika shingo, si mtandio, wala pini yoyote. Akiwa na misuko, ailoweshe kwa maji baridi kabla ya kofia, nywele zilizoshiba maji safi hunywa dawa ya bwawa kidogo. Uliza kama kuna saa za wanawake na kocha wa kike. Na mwambie kocha huyo mapema kuwa siku zake zikiingia hatashurutishwa.

Nesi_Mvita
Mambo mawili. Akiwa na pumu, dawa ya kuvuta iwe ukingoni, si ndani ya mkoba uliofungiwa. Na umri huu hupenda mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Kataza kabisa. Wakivuta pumzi nyingi za haraka kwanza, hewa chafu hupungua mwilini, na hiyo ndiyo inayoamsha hamu ya kupumua. Mtoto huzirai bila dalili, kimya kimya, wenzake wakidhani anashinda.

UmmNaima
Allah awalipe. Nimeulizia bwawa moja. Kocha ni mmoja kwa wanafunzi 14, Jumamosi saa mbili mfululizo, na wanaoanza huvishwa maboya ya mikono. Nikubali? Na lile swali la kina cha maji halijajibiwa.

KochaMajiya
Hapana, tafuta pengine. Kwa wanaoanza, sita kwa kocha mmoja wanatosha. Bora mara tatu kwa wiki dakika 40 kuliko saa mbili mara moja. Midomo ikianza kutetemeka hakuna anachojifunza. Maboya ya mikono yanamsimamisha wima, na kuogelea ni kulala, kwa hivyo siku yakivuliwa anaanza upya. Kibao cha kushika kinatosha. Kuhusu haya, omba awekwe na wa umri wake, hata wakiwa watatu tu. Ukifika bwawani simama upande wenye kina: kama huoni vizuri tundu la kutolea maji pale chini, geuka urudi nyumbani.

Kina cha maji usikihesabie masomo. Aingie maji yanayompita kimo, arudi juu mwenyewe, azunguke aone njia ya kutoka, aelee au akanyage maji (abaki wima kichwa juu kwa kupiga miguu) dakika 1, aogelee mita 25 kwa mtindo wowote, atoke bila ngazi. Yote kwa mfululizo, bila kupumzika, na siku mbili tofauti. Kisha ayarudie na nguo za kawaida za nyumbani, maana anayetumbukia kwenye kivuko hajavaa za kuogelea.