Mume amefariki, hatukuwa na cheti cha ndoa. Mafao yake NSSF mimi na watoto tunayapataje? (Mwanza)

MamaTatu_Igoma

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome hadi mwisho, nimejaribu kufupisha nimeshindwa.

Naishi Igoma hapa Mwanza. Mwenzangu amefariki miezi miwili iliyopita, aliugua wiki tatu tu. Tumezika kwao Ukerewe. Tumeishi pamoja miaka 11. Alikuwa ameajiriwa kiwanda cha sangara, upande wa kukata minofu, miaka 9 mfululizo, na kila mwezi alikatwa NSSF. Slipu za mshahara alikuwa anazitunza kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, ninazo karibu zote.

Tuna watoto watatu, miaka 10, 7 na 3. Na kwa sababu nimeamua kusema ukweli wote, kuna mtoto wa kiume yuko Ukerewe kwa mama yake, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Marehemu alimzaa kabla hajanijua na alikuwa akimlipia ada.

Ndoa hatukufunga, ya kanisani wala ya bomani. Alipeleka ng'ombe wawili kwetu Magu, waliobaki akawa anaahidi kila baada ya mavuno. Wazazi wangu walimpokea kama mkwe na hakuna aliyewahi kuniita jina lingine zaidi ya mke wake.

Baada ya kuanua matanga ukoo ukakaa kikao. Mimi niliitwa mwishoni. Nikaambiwa shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye amechaguliwa kuwa msimamizi, atafungua mirathi Nansio, na mimi nikabidhi kadi ya benki, kitambulisho na hizo slipu. Nilipouliza watoto watakula nini, wifi yangu akasema mbele ya wazee kwamba mimi sikuwa mke, nilikuwa naishi naye tu. Sijawahi kuumia vile maishani.

Slipu sijatoa. Nilisema ziko Mwanza, na kweli ziko Mwanza.

Maswali yangu: je, hela ya NSSF ni mali ya ukoo? Bila cheti cha ndoa nina haki yoyote? Na watoto wawili wa mwanzo hawana vyeti vya kuzaliwa, wana matangazo ya hospitali tu (zile karatasi za taarifa ya kuzaliwa), na kwa mmoja jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti na ya kitambulisho chake cha taifa. Nianzie wapi?

Kapripoint_77

Pole sana dada yangu. Hizo slipu usimpe mtu yeyote. Toa nakala seti mbili leo leo, moja ikae kwa mtu unayemwamini.

Msaidizi wa Kata

Pole sana mama. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kesi za namna hii napokea kila mwezi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo ukoo umevichanganya. Kuna mirathi, yaani alichokiacha marehemu kama kiwanja, fedha za benki, vyombo na madeni yake. Halafu kuna mafao ya urithi ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Haya ya pili hayagawanywi na kikao cha ukoo. Sheria ya mfuko ndiyo inayosema nani ni mtegemezi na anapata nini. Kwa NSSF, marehemu akiacha mwenza na watoto, mwenza anapata asilimia 40 na watoto wanagawana asilimia 60 sawa kwa sawa. Kama hakuna mwenza, yote ni ya watoto. Wazazi wanaingia pale ambapo hakuna mwenza wala mtoto. Mdogo wa marehemu hayumo humo kabisa. Mtoto anahesabika hadi miaka 18, na hadi 21 kama bado anasoma.

Kuhusu kama italipwa pensheni ya kila mwezi au mkupuo, hilo linategemea michango iliyoingia. Ndiyo maana karatasi ya kwanza ya kuomba ni taarifa ya michango yake. Ilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Ukikuta mwezi amekatwa kwenye slipu na kwenye taarifa haupo, hapo ndipo kopo lako la biskuti linakuwa na thamani kuliko kiwanja, maana mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri aliyekata asipeleke.

Pili, ndoa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba walioana kihalali. Ninyi mna 11. Ila dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano ikionekana alikuwa na ndoa nyingine halali ya mke mmoja. Na haijitangazi yenyewe, mahakama ndiyo inatamka. Kwa hiyo kusanya ushahidi: barua ya mwenyekiti wa mtaa, mkataba wa nyumba mliyopanga, fomu za shule za watoto, kadi ya bima kama uliandikwa mwenza, na fomu za kazini, kwa sababu waajiri wengi humwandikisha mfanyakazi familia yake. Na wale waliopokea ng'ombe Magu ni mashahidi wazuri kuliko karatasi nyingi.

Wifi akikwambia tena hukuwa mke, usibishane naye. Haamui yeye.

Dagaa_Mkavu

Ushauri wangu ni mfupi. Huyo mtoto wa Ukerewe usimtaje. Wako watatu wanatosha, ukimwongeza fungu linapungua. Mama yake akitaka atafuatilia mwenyewe.

Msaidizi wa Kata

@Dagaa_Mkavu hapana, na naomba ushauri huu mwanamke huyu asiufuate. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda huyo kijana sawasawa na wale watatu. Ukificha mtegemezi ukaja kugundulika, madai yote yanasimama na unaweza kushtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo. Tena ukoo unamjua. Ndiyo silaha ya kwanza shemeji atakayoitumia mahakamani.

MamaTatu_Igoma

Siwezi kumficha. Kipindi cha likizo anakuja kulala kwangu, wanangu wanamwita kaka. Siku ya mazishi alinishika mkono hadi tunatoka kaburini. Nashukuru kwa maelezo.

Mzee wa Mwaloni

Binti yangu pole. Naomba niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani.

Mimi nilikuwa huyo shemeji. Kaka yangu alifariki miaka mingi iliyopita, ukoo ukanichagua kuwa msimamizi. Sikuwa na nia mbaya, ndiyo maana nakuandikia. Nilijiona nalinda jasho la kaka yangu lisiende kwa watu wengine. Hela ilipotoka nilinunua injini ya mtumbwi na nyavu, nikajisemea faida itawasomesha wale watoto. Injini ikaibwa ziwani msimu wa kwanza. Mtoto mkubwa wa kaka aliacha shule darasa la sita akaenda kuanika dagaa. Leo ni mtu mzima, tukikutana Kirumba ananisalimia kwa heshima, shikamoo baba mdogo, na mimi nashindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimwone shemeji yako kama adui moja kwa moja. Mtafute ukiwa na mtu mzima anayeheshimika kwao, mjomba wake au mzee wa kanisa, mwambie ukweli kwamba fedha hiyo ina majina ya watoto. Huenda hajui. Mimi sikujua, hakuna aliyeniambia. La pili, hata akikubali kwa maneno, usilale. Nenda mahakamani.

Nyamagana_Wakili

Naongezea la mahakama, kwa sababu hapa ndipo wajane wengi wanapigwa chenga.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na mamlaka yake yako pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu wakati anafariki. Marehemu alikuwa anaishi Igoma. Kuzikwa Ukerewe hakuhamishi makazi. Kwa hiyo shemeji akifungua Nansio una hoja ya msingi kabisa kwamba ile siyo mahakama yake. Kama maisha ya marehemu yalikuwa ya Kikristo na siyo ya kimila, shauri linaweza kwenda mahakama za juu zaidi. Hilo uliza kabla hujalipia fomu.

Usisubiri afungue yeye kwanza. Na akiwa ameshafungua, peleka pingamizi kabla hajateuliwa. Mahakama inaweza kuteua wasimamizi wawili, na kwenye familia yenye watoto wa mama wawili mimi napendelea hivyo: wewe na mtu mmoja wa upande wao. Msimamizi akishateuliwa hapewi mali iwe yake. Ndani ya miezi minne anatakiwa awasilishe Fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha Fomu namba 6 ya hesabu za mgawanyo. Asipofanya, unaomba mahakama imwite ajieleze, na anaweza kuondolewa.

Kuna mtu atakuja kukutisha na mila. Ni kweli, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 kuhusu sheria za mila linamnyima mjane urithi pale wapo ndugu wa marehemu. Wajane wawili Watanzania walilipeleka suala hilo hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya CEDAW, inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Lakini wewe usiende mbali huko. Mafao ya NSSF yana sheria yake ya Bunge, na mila haiwezi kupanga mgawanyo wake.

Kapripoint_77

Ofisini wataulizia nini hasa? Mjomba wangu alizungushwa na ofisi moja karibu mwaka mzima, kila akienda anaambiwa karatasi moja inapungua.

Msaidizi wa Kata

Ndiyo maana nashauri aende kwanza mikono mitupu, aombe orodha yao kwa maandishi, akusanye zote ndiyo arudi. Kwa kawaida huwa ni cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ushahidi wa ndoa, muhtasari wa kikao cha familia, hati ya usimamizi kutoka mahakamani, vitambulisho na akaunti ya benki.

Cheti cha kifo kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, unakwenda na kibali cha mazishi ulichopewa hospitali. Mtoto wa miaka 3 ni rahisi, walio chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure kwenye kata na vituo vya afya. Wale wawili wakubwa wataingia kama usajili uliochelewa: peleka yale matangazo, kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo kama vipo na barua ya shule. Na lile jina lenye herufi tofauti lishughulikie mapema kwa kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Herufi moja imewachelewesha watu wengi kuliko mashemeji.

Muhtasari wa kikao ndio mtego. Ule waliouandika ukiwa umetolewa nje, je, jina lako limo? Watoto wote wanne wamo? Kama hapana, omba kikao kingine. Wakikataa, iambie mahakama.

Bint Nyegezi

Alifariki kwa ugonjwa wa kawaida au uliotokana na kazi? Nauliza kwa sababu kama ni ajali kazini au maradhi yaliyotokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huo ni tofauti na NSSF. Kupata huku hakuzuii kule. Ila usikae nayo, madai yana kikomo cha muda.

MamaTatu_Igoma

Daktari alisema ini. Sidhani kama ni kazi, lakini nitauliza hospitali waandike vizuri.

MamaTatu_Igoma (wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi, niliahidi nitaleta mrejesho.

Nilifuata maneno ya Mzee wa Mwaloni kabla ya mengine yote. Nilipanda meli ya Nansio nikiwa na mjomba wangu na katekista wa kigango chao. Nilimsomea shemeji maandishi yenu hapa kwenye simu, na ile ya mzee nikaisoma mara mbili kwa sababu aliniomba. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema yeye aliambiwa na wakubwa kwamba asipochukua, mimi nitaolewa na fedha iende kwa mwanamume mwingine. Nikamwambia asilimia 60 ni ya watoto, wakiwemo wa hapa hapa Ukerewe, na akaunti iwe ya watoto. Wifi hakuja, na bado hasemi na mimi.

Kikao kilirudiwa. Majina ya watoto wote wanne yapo, jina langu lipo, na wameandika "mke wa marehemu". Tumefungua shauri hapa Mwanza, mimi na shemeji pamoja.

Taarifa ya michango nimeipata. Kuna miezi 14 haipo, na slipu za miezi 11 kati ya hiyo ninazo, amekatwa. Nimeshapeleka nakala na nimegongewa mhuri wa kupokelewa.

Vyeti vya watoto viwili vimetoka jana. Kilichobaki ni cha kijana wa Ukerewe, mama yake anakuja nacho Jumatatu, watalala kwangu. Sasa naomba kuuliza: yeye ana miaka 16, fungu lake lipokelewe na mama yake au na sisi wasimamizi?

Msaidizi wa Kata

Hongera mama, umefanya kazi kubwa. Anayemlea ndiye anayepokea kwa niaba yake, kwa hiyo ni mama yake. Jumatatu njooni naye pamoja, mje na barua ya shule ya kijana inayoonyesha yuko kidato cha tatu. Akifikisha 18 bado anasoma mtaihitaji nyingine mpya, mwambieni mapema.