Subaru Legacy B4 inalala sana kwenye kona: niweke stebilaiza nene mbele na nyuma, au nyuma peke yake?

KonaYaKiserian
Habari zenu wadau. Nina Legacy B4 ya 2007, modeli ya BL5, injini 2.0 isiyo na tabo, gia otomatiki. Odomita inasema 168,000, kama mtu ataamini odomita ya gari ya mtumba. Barabara ikinyooka sina lawama nayo. Shida ni kona. Nikishuka Corner Baridi kuelekea Magadi, au nikizunguka raundabauti ya Karen nikiwa na haraka kidogo, inalala upande mpaka mke wangu anashika dari. Mwenzangu wa kazini ana Toyota Mark X. Juzi tulishuka pamoja Mai Mahiu, kila kona ananiacha kidogo, halafu ananingoja huko chini amekunja mikono.

Duka moja la vipuri Industrial Area wameniambia niweke stebilaiza nene (zile fito za chuma za kupunguza kulala) mbele na nyuma, pamoja na springi za kushusha gari sentimita tatu, yote kwa siku moja. Bei yao inakaribia kodi ya nyumba yangu ya miezi mitatu. Kabla sijatoa pesa nauliza: ni lazima zote mbili? Unene gani? Na hizo springi je?

Jambo lingine, sijui kama linahusika: nikipita matuta ya Rongai nasikia ko-ko-ko mbele kushoto. Fundi wangu anasema hiyo ni kawaida ya Subaru.

Sukari_Nguru
Uza ununue Mark X. Ushauri wa bure huo.

FundiMstaafu_SouthC
Ndugu yangu, hakuna gari lenye mlio wa kawaida. Kuna fundi aliyechoka kuingia chini ya gari.

Huo mlio wako, kwa asilimia kubwa, ni linki ya stebilaiza. Kile kijiti chenye boljointi ndogo huku na huku, kinachoshika ncha ya stebilaiza na kuiunganisha na saspensheni ya gurudumu. Ikilegea, stebilaiza ipo lakini haifanyi kazi mpaka gari liwe limeshalala. Yaani unaenda kununua kamba mpya na huku ndoano imekatika.

Pima hivi. Gari likiwa chini, injini imezimwa, usukani umekatwa mpaka mwisho upate nafasi ya mkono. Shika linki utikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo, imekufa. Kisha mulika tochi kwenye bushi mbili zinazoishikilia stebilaiza kwenye subfremu, ile fremu ndogo ya chini ya gari: mpira ukiwa umepasuka au umeacha mwanya, nazo zimekufa. Halafu tazama shokabzoba zote nne. Ikiwa imelowa mafuta na vumbi limeganda juu yake, ile ni maiti. Upande wa kushoto huchakaa mapema zaidi hapa kwetu, kwa sababu ndio unaokanyaga ukingo wa lami uliomegeka kila ukimpisha mtu.

Ukishamaliza hayo rudi hapa tuzungumze habari ya unene.

KonaYaKiserian
Asante mzee. Jumamosi naingia chini mwenyewe.

Milimita_Nne
Mzee Fundi amesema kweli, ila mwenye uzi ameuliza na unene, kwa hivyo wacha niweke hesabu mezani. Ni mada ninayoipenda kuliko chakula.

Stebilaiza ni springi. Haifanani na springi kwa sababu haijaviringishwa, lakini ni fito ya chuma inayosokotwa. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi zake na haina la kusema. Gurudumu moja likipanda na lingine likibaki chini, kama kwenye kona, inasokotwa na kupinga. Ndiyo maana inapunguza kulala bila kufanya gari kuwa ngumu kwenye tuta lililokatiza barabara nzima.

Ugumu wake unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne. Tuseme ya sasa ni 16 mm. Ukiweka 18, umeongeza ugumu kwa asilimia 60. Ukiweka 20, ni karibu mara mbili na nusu. Milimita nne tu! Watu wanaiangalia kwa macho wanasema "mbona ni kama ile ile", halafu wanashangaa gari imebadilika tabia. Zenye uwazi ndani nazo msizidharau: ya 20 mm yenye tundu la 12 mm ina ugumu wa asilimia 87 ya ile iliyojaa, na uzito ni asilimia 64 tu.

Ya kwako usiulize mtandaoni ni ngapi, kwa sababu Legacy za umri huo hazikutoka zote na moja. Chukua kalipa, kile kipimo cha unene, sugua kutu na matope, pima.

Sasa mbele au nyuma. Stebilaiza haiongezi mshiko wa tairi. Kazi yake ni kuamua ni ekseli gani ibebe zaidi ule uzito unaohamia nje ya kona. Ukikaza mbele, tairi ya mbele ya nje inaelemewa, na gari inazidi kukataa kuingia kona. Subaru tayari ina ugonjwa huo: injini imetangulia mbele ya ekseli, pua nzito. Kwa hivyo ukikaza zote mbili kwa kiwango sawa, gari italala kidogo lakini bado itasukuma pua nje. Ukikaza nyuma peke yake, pua inaanza kusikia usukani. Hapo ndipo pesa yako inafaa kwenda.

Springi za kushusha, kataa. Mbele una saspensheni ya MacPherson, shokabzoba ikiwa juu na mkono mmoja chini. Ukishusha gari, mkono wa chini unabadilika pembe na ile nukta ambayo bodi inalalia inashuka haraka kuliko bodi yenyewe. Unaweza kuishia na gari iliyo chini lakini inataka kulala zaidi. Na matuta ya Rongai utayapita na nini, helikopta?

Sukari_Nguru
Mimi nilisema Mark X tangu mwanzo, hakuna hesabu.

Mama_Wa_Wagoni
Nimesoma nikacheka, kwa sababu mimi nilipitia njia hiyo yote na nikarudi nyuma.

Yangu ni Legacy wagoni. Mdogo wangu alinishawishi nikaweka ya nyuma nene, na mjini kweli ilikuwa tamu. Southern Bypass, zile kona za kupandia na kushukia, gari ilikuwa imenyooka kama meza. Lakini mimi kila mwisho wa mwezi naenda nyumbani Nyandarua, na kilomita za mwisho ni murram yenye mashimo upande mmoja. Hapo ndipo nilijua maana ya magurudumu mawili kufungwa pamoja. Gurudumu la kushoto likiingia shimo, la kulia linavutwa nalo. Gari inatikisa kichwa, kushoto kulia kushoto kulia, mpaka mtoto akatapika mara mbili safari moja.

Nilirudisha ile ya kiwandani. Sijutii kuiweka na sijutii kuitoa. Lakini kaka, uliza kwanza unaendesha wapi siku nyingi. Hata gari za rali zinapokimbia kule Naivasha kwenye changarawe, stebilaiza zake huwa laini, kila tairi ifuate ardhi yake.

B4_Ya_Dagoretti
Mimi nipo upande wa kukaza. Nina BL5 kama yako, nyuma nimeweka 20 mm, ni mwaka wa pili. Singerudi nyuma hata kwa pesa.

Ila kuna kitu hakuna mtu ametaja hapa na kilinigharimu. Zile braketi zinazoshikilia stebilaiza ya nyuma kwenye Subaru za miaka hiyo ni bati tu limekunjwa. Zilitengenezwa kwa fito nyembamba. Ukiweka nene, zinaanza kupinda, halafu zinapasuka. Yangu ya kulia ilikatika mwezi wa tano. Nilidhani difu imeanguka, ule mshindo. Nikaita mtu wa kuchomelea, akachomelea, ikakatika tena pembeni ya alipochomelea. Mwishowe nikaagiza braketi nzito zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na tangu siku hiyo kimya.

Kwa hivyo duka likikuuzia fito bila kukuuliza habari ya braketi, jua wanauza chuma, hawajui gari.

Msafiri_wa_Waiyaki
Samahani kuingilia. Hii ya kushindana na Mark X Mai Mahiu mbona watu wanaipita kama hawajaisoma? Ile barabara ina malori yamekufa breki, punda, na watu wanauza kondoo ukingoni. Gari kulala ni njia yake ya kukuambia punguza mwendo. Ukiiondoa hiyo lugha, onyo la kwanza litakuja wakati tairi imeshaachia.

Milimita_Nne
Hapo umenena. Na niongeze: nyuma ikikazwa, tahadhari na ile mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu, lami ikiwa na mafuta ya miezi miwili. Ukiingia kona kwa kasi halafu ukashtuka ukaachia mafuta katikati, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na stebilaiza nene inamalizia kazi. Magurudumu manne kuendeshwa na injini hayakusaidii wakati mguu uko nje ya mafuta.

KonaYaKiserian
Nimerudi, Jumamosi imekwisha na shati moja limekufa.

Mzee Fundi, uko sahihi mpaka inauma. Linki ya mbele kushoto inacheza kama jino la mtoto. Ya kulia afadhali lakini si nzima. Bushi za stebilaiza mbele zimechoka, nyuma ziko sawa. Shoki ya nyuma kulia imelowa. Halafu nikaangalia tairi, ile namba ya tarakimu nne ubavuni: mbili za mbele zinasema 3416. Wiki ya 34, mwaka 2016! Nilipouziwa gari niliambiwa tairi ni mpya kwa sababu zilikuwa zinang'aa.

Nimepima na stebilaiza ya nyuma kwa kalipa ya kuazima. Namba yenyewe sitaitaja hapa kwa sababu kila nikipima napata jibu tofauti kidogo, kutu ni nyingi. Ni nyembamba, niseme hivyo tu. Kidole changu kidogo kinaishinda.

Kuhusu Mai Mahiu nimekubali kosa. Mke wangu amesoma huu uzi.

FundiMstaafu_SouthC
Karibu sana chini ya gari, ndugu yangu. Sasa fuata mpango huu: linki mbili za mbele pamoja, usibadilishe moja. Bushi za stebilaiza. Shokabzoba za nyuma zote mbili, kwa sababu mpya upande mmoja na nzee upande wa pili ni sawa na kuvaa kiatu na ndara. Tairi mbili za mbele, na usinunue kabla ya kusoma tarehe mwenyewe.

Ukifunga linki, inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja tu stebilaiza itakuwa imesokotwa, bolti haitatoka, na ikitoka itakupiga. Nati ikizunguka na kijiti chake, kishike kwa spana ya pembe sita huku unakaza. Usimruhusu mtu aikate kwa grainda kwa uvivu.

KonaYaKiserian
Wiki tatu baadaye. Linki, bushi, shoki mbili za nyuma na tairi mbili. Jumla imekuwa chini ya nusu ya ile bei ya duka, na sehemu kubwa imeliwa na tairi.

Ko-ko-ko imeisha. Raundabauti ya Karen mke hashiki dari, ingawa sina hakika kama ni gari au ni mimi nimepunguza kasi. Inalala bado, lakini inalala mara moja na kutulia. Zamani ilikuwa inalala, inafikiria, halafu inalala tena. Nikiingia kona pua bado inasita kidogo.

Nimeamua: nyuma peke yake, ile yenye matundu mawili ya kurekebisha, na braketi nzito kama alivyosema B4 wa Dagoretti. Nitaanza na tundu lipi?

B4_Ya_Dagoretti
Tundu la nje kabisa, lililo mbali na mkunjo. Mkono ukiwa mrefu fito inakuwa laini. Kaa nalo miezi miwili, ukishazoea uamue. Na pande zote mbili tundu moja, usichanganye hata mtu akikuambia nini. Kama bushi zilizokuja nayo ni za poliyurethani, paka grisi ya silikoni ndani, la sivyo zitalia kama mlango wa kanisa.

Milimita_Nne
Na alaimenti, yaani pembe za magurudumu, haiguswi na stebilaiza. Mtu akikutoza kwa hiyo, mwombe akuonyeshe ni pembe gani ilibadilika. Ila kwa kuwa ulifungua shoki na ukaweka tairi mpya, pitia mara moja uangaliwe.

Mama_Wa_Wagoni
Na uiambie kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha sehemu ya saspensheni. Ni barua pepe ya mistari miwili. Usitupe ile ya zamani pia, iwekee mafuta uitundike mahali pakavu.

Sukari_Nguru
Ile ya zamani ikitoka, unauza? Ndugu yangu ana B4, yake imekatikia mahali pa bushi. Na usiseme nimeuliza mimi.