Naomba ushauri: kromu ya tangi la BSA ya babu

Wadau, habari zenu. Niko Kisumu. Nimerithi pikipiki ya marehemu babu, BSA ya miaka ya 1950. Injini inanguruma vizuri, shida ni tangi. Ubavuni kromu, ule utando wa metali inayong'aa, imebanduka kama maganda ya kitunguu, na karibu na koki kuna vitundu viwili. Ukipitisha kidole kinatoka chekundu kwa kutu.

Fundi mmoja wa jua kali alitaka kusugua apake rangi ya fedha. Nilikataa. Babu aling'arisha tangi hilo kila Jumamosi mpaka unajiona uso, siwezi kulifunika kwa rangi.

Najua kromu ya zamani huvuliwa, chuma kikasuguliwa hadi kiwe laini, ndipo huja tabaka la shaba, la nikeli, na mwisho la kromu, ambayo ni nyembamba mno, haifichi mkwaruzo. Je, vitundu nizibe kwa risasi ya kulehemu au kwa brazi (kuunga kwa shaba nyeupe iliyoyeyushwa kwa moto)? Nimelisuuza kwa maji ya sabuni mara nne na bado linanuka petroli, naogopa kulipeleka kwenye moto. Na asidi ya kuchovyea ikiingia ndani ya tangi, mnaitoaje?

Na kama kuna anayechovya kromu ya kweli Nakuru au Eldoret, nielekezeni tafadhali, pamoja na bei aliyowatoza.