Thrissur huku Kerala: Athirappilly, Kodungallur au Guruvayur? Nina siku mbili tu na mama mwenye goti

MwanaChumbageni
Salaam wadau, naombeni ushauri wa haraka haraka. Niko Kochi, jimbo la Kerala kusini mwa India, nimemleta mama kwa ajili ya goti, vipimo vimeshafanyika na daktari katuambia turudi Jumatatu, sasa hapa katikati tuna siku kama nne hivi na mama kashachoka kulala anahesabu mizunguko ya feni. Mwenye nyumba tuliyopanga anasema tusibaki Kochi, twende wilaya ya jirani upande wa kaskazini, Thrissur, eti huko ndo kuna kila kitu. Kanitajia maporomoko ya maji ya Athirappilly, msikiti wa kale wa Kodungallur, Guruvayur kwenye hekalu la Krishna, na Thrissur mjini kwenyewe. Nimetenga siku mbili tu maana teksi ya kutwa sio hela ndogo na hela yenyewe ni ya kuchangiwa na ukoo. Mama anatembea na mkongojo, ngazi hapana. Mimi nisiwafiche, roho yangu iko kwenye maporomoko. Mlioenda, kipi kinalipa na kipi ni kelele tu?

BintiMatrah
Mie niko Maskati mwaka wa 11 huu, ofisini kwetu ukiwatoa Wamalayali, watu wa Kerala, unabaki na mashine ya kahawa peke yake, kwa hiyo huko nshaalikwa harusi mara mbili na zote Thrissur. Mdogo wangu sikiliza, na mama mtu mzima usianze na maporomoko, anza na Kodungallur. Ukitokea Kochi ni kama kilomita 35 kwa njia ya Paravur, hamtochoka. Msikiti wenyewe unaitwa Cheraman Juma Masjid na wenyewe wanakwambia umejengwa mwaka 629, yaani Mtume (S.A.W.) yuko hai, na ndio wa mwanzo India nzima. Hadithi yao ni kuwa mfalme wao Cheraman Perumal aliona mwezi umepasuka, akafunga safari mpaka Arabuni akasilimu, kurudi akafia njiani, na huku Oman kaburi linalosemwa ni lake liko Salalah, nimelizuru kwa miguu yangu hii. Halafu mhubiri Malik bin Dinar na wenziwe ndio wakaja kujenga msikiti.

Ukifika usitarajie minara na makuba makubwa. Ni jengo la chini la mbao na vigae, kwa mbali utasema nyumba ya mtu. Ndani kuna taa ya shaba ya mafuta inaning'inia, na mafuta yake wanaleta watu wa dini zote, Baniani, Mkristo, kila mtu na chupa yake. Ila uliza kwanza kuhusu sehemu ya wanawake kuswali, maana Kerala misikiti mingi wanawake hawaingii, msije mkafika mama akavunjika moyo.

MzeeWaTarehe
Da Binti umeeleza vizuri ila tusimpotoshe mtu, 629 ni mapokeo. Wanahistoria wengi wanabishana nayo na jengo lenyewe la kale wanalikadiria karne ya 11 au 12. Haiufanyi msikiti kuwa mdogo, hata 2016 Waziri Mkuu Modi alipoenda Riyadh zawadi aliyompa Mfalme Salman ilikuwa mfano wa msikiti huo uliopakwa dhahabu.

Kinachonivutia mimi ni kwa nini uwe pale. Kodungallur ndio upande ilipokuwa Muziris, bandari ya pilipili manga, Warumi walikuwa wanaifuata huko miaka elfu mbili iliyopita, wanangoja upepo kama majahazi yetu yalivyokuwa yanangoja kaskazi. Kijiji cha Pattanam hapo karibu (upande wa wilaya ya Ernakulam) wamechimba kuanzia 2007 wakatoa vipande vya mitungi ya Kirumi na shanga chungu nzima. Halafu mwaka 1341 mto Periyar ukafurika vibaya sana, bandari ikajaa mchanga, biashara ikahamia Kochi. Kwa hiyo hapo ulipolala wewe pamekua kwa sababu pale pamekufa. Mwenye kujua hilo akifika Kodungallur anaona mengi, asiyejua anaona mji mdogo wenye maduka ya nguo na stendi.

Bhai_wa_Makupa
Haya mimi ni Mhindu wa Mombasa, nimezaliwa Makupa, babu katoka Gujarat, na Guruvayur nimeenda mwaka juzi na mke wangu na mtoto. Ndugu yangu nikwambie tu ukweli kabla hujalipa teksi: hamtaingia ndani. Hekalu lile ni la Wahindu pekee na limeandikwa kabisa. Yesudas, mwimbaji mkubwa kuliko wote huko Kerala, Mkristo, nyimbo zake za Krishna zinapigwa kila kona, na miaka yote hiyo ameimba kuomba aingie na mlango haujafunguka. Sasa wewe na mimi ni nani.

Na hata sisi tunaoingia sio kazi ndogo. Mwanamume unavua shati unafunga kikoi cheupe, wao wanaita mundu, na mimi suruali nimevaa toka nizaliwe, nikawa natembea nimekishika kwa mkono mmoja kisianguke mbele ya Mungu. Mlango unafunguliwa saa 9 usiku, tulipanga foleni saa 10 alfajiri na tukamuona Bwana kwa nukta tatu nne hivi, mtu anakusukuma songa songa. Lakini kitu ambacho sitasahau ni mizani. Kuna nadhiri inaitwa thulabharam, unakaa upande mmoja wa mizani mkubwa na upande wa pili wanaweka kitu ulichoahidi, sukari, nazi, wengine ndizi. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na nusu, tuliahidi ndizi. Alikaa pale anacheka, ndizi zikaongezwa kichana baada ya kichana mpaka akapanda juu, mke wangu akalia machozi pale pale.

Kwa hiyo kwangu Guruvayur ni nambari moja, kwako wewe na mama ni kukaa nje kwa jua kuangalia ukuta na maharusi, maana kuna ndoa pale hazihesabiki. Na usije ukadanganywa na dereva akupeleke Punnathur Kotta kilomita 3 hivi kutoka pale, ndovu wa hekalu wanawekwa huko, waumini waliwatoa kama sadaka. Mimi nimekulia kwenda Tsavo, kumuona ndovu kafungwa mnyororo mguuni anayumba huku na huku siku nzima ilinichoma, niliondoka baada ya dakika kumi. Wengine wanapapenda, sijui.

MwanaChumbageni
Kaka Bhai asante sana, umeniokolea siku nzima. Guruvayur nimeifuta. Sasa maporomoko, hakuna wa kuyatetea?

Dereva_Mstaafu
Uko huko mwezi gani? Maana Athirappilly bila kutaja mwezi ni porojo. Mto Chalakudy ule, mvua za Juni mpaka Septemba maji yanashuka yote kwa pamoja unasikia ngurumo kifuani, nenda Machi Aprili utakuta uzi mweupe umening'inia kwenye jiwe watu wanapiga picha za huruma.

MwanaChumbageni
Oktoba hii mkuu, na jana jioni imepiga radi mpaka umeme ukakatika.

Dereva_Mstaafu
Basi una bahati, maji yapo. Hizo ni mvua zao za pili, zinapenda kuja mchana kuelekea jioni, kwa hiyo muwe mmeshafika asubuhi. Kutoka Kochi ni kama kilomita 70, ukifika Chalakudy unaacha barabara kuu unaingia ndani kama 30. Urefu wake ni mita 24 tu, kwenye namba sio wa kutisha, ila mto unajigawa mara tatu kwenye mwamba na msitu umeubana huku na huku, ndo maana wapiga filamu hawatoki pale.

Sasa kuhusu mama. Getini unakata tiketi (inakupa na maporomoko mengine ya Vazhachal, kilomita 5 mbele), kuna njia ya kushuka taratibu mpaka juu ya maporomoko, hiyo kwa mkongojo akipumzika pumzika anaweza. Kuna nyingine ya kushuka mpaka chini maji yanapoangukia, ile ni mteremko wa mawe na yakiwa na unyevu hata wewe kijana utakaa kitako, mama asijaribu. Lakini siri ni hii, kabla hujafika getini kuna sehemu ya barabara maporomoko yanaonekana yote mbele yako kwa mbali, mwambie dereva asimame hapo. Mama anaona kila kitu bila kutoa mguu kwenye gari. Nyani chunga, mfuko wa ndizi ukionekana sio wako tena. Na usiingie maji pale juu hata ukiona wenyeji wanaingia.

Dada_Kibosho
Mbona Thrissur mjini mmepaacha yatima? Masista wa Kerala walitufundisha sekondari miaka minne, mmoja wao kwao Thrissur, akatujaza hamu mpaka nikaenda. Kuna Basilika ya Mama wa Mateso, wenyewe wanaita Puthan Pally, jeupe, la mtindo wa Kigothi, mnara wake wa Biblia una futi 260. Halafu kama wewe ni Mkristo wa kuhiji basi Palayur, karibu na Guruvayur huko huko, mapokeo yanasema Mtume Tomaso alifika akaanzisha kanisa mwaka 52, na Azhikode karibu na Kodungallur wana kipande cha mfupa wa mkono wake kilicholetwa kutoka Ortona, Italia, 1953. Yaani ukikaa Kodungallur, msikiti unaosemwa ni wa kwanza India, mtume wa Yesu na hekalu la Bhagavathy, mungu wa kike wa Wahindu, vyote viko ndani ya mwendo wa bajaji.

Ila ushauri wangu wa kweli kabisa kuhusu mji ni tumbo. Hapo jirani na basilika kuna mtaa wanapika vellayappam asubuhi, ni vibibi wallahi, vibibi vyetu vya unga wa mchele na nazi, sema vyao vinavimba katikati na pembeni vimekauka kama karatasi.

MzeeWaTarehe
Hekalu kubwa la mjini, Vadakkunnathan, nalo ni Wahindu tu ndani. Ila uwanja unaolizunguka, Thekkinkadu, ni wa wote, na ndo panapofanyika Pooram mwezi wa nne au wa tano, sherehe iliyoanzishwa na Sakthan Thampuran, mfalme wa Kochi, mwishoni mwa karne ya 18. Ndovu 15 upande huu na 15 upande ule wanatazamana, watu wamesimama migongoni wanashindana kubadilisha miamvuli ya rangi. Oktoba utakuta wazee wanacheza karata chini ya miti.

BintiMatrah
Kwa mama wa goti, mjini muache. Siku ya kwanza Kodungallur, ya pili maporomoko, basi.

Kijana_wa_Ngamiani
Siku moja yote mawili haiwezekani? Kwenye ramani naona karibu.

Dereva_Mstaafu
Ramani haina mabasi ya Kerala ndani yake dogo. Yale mabasi ya watu binafsi yanaendeshwa kama dereva kaacha maziwa jikoni. Barabara ni nyembamba, nyumba haziishi, kilomita 40 hesabu saa moja na nusu. Mwenye mgonjwa asijaribu.

MwanaChumbageni
Wadau nimerudi na mrejesho, nisiwe mchoyo.

Kodungallur tulienda Alhamisi. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, nikamuweka mama nje karibu na birika, lile bwawa la mawe la msikiti, mimi nikaingia kuswali rakaa mbili na kuona taa. Natoka namkuta anaangalia juu tu. Namuuliza vipi, ananiambia vigae hivi ni kama vya nyumba ya bibi yako Chumbageni. Kweli, nyumba ile ya zamani ilikuwa na vigae vya Mangalore vimepigwa muhuri wa kiwandani, sisi watoto tulikuwa tunadhani ni vya Mjerumani. Mama akasema kumbe paa lilikuwa linatoka huku miaka yote na sisi hatujawahi kuja kusema asante. Mzee mmoja wa pale hajui Kiingereza wala sisi hatujui Kimalayalam akamletea kiti na chai. Tulikaa masaa mawili, sikupanga hivyo.

Mchana tukala mihogo ya kuchemsha na mchuzi wa samaki mwekundu, wanaita kappa na meen curry, mama alikula kuliko wiki nzima aliyokaa Kochi.

Athirappilly Jumamosi, na hapa nilikosea mwenyewe, Dereva_Mstaafu hakunitajia foleni za wikiendi na mimi sikuuliza. Teksi tuliyokodi ikaongeza na yake, dereva kaanza kutupeleka kwenye duka la viungo ambalo hatukuomba, tumepoteza saa nzima tunanusishwa iliki. Tumefika saa 6, watu kama siku ya Eid, na saa 8 mvua ikaja. Pale barabarani ulipopasema ndo pakatuokoa. Tulisimama, mama kashusha kioo, maji yote yanaonekana, akaangalia kimya kama dakika tano halafu akasema haya nimeyaona, funga kioo naloa. Mimi nilikimbia mpaka juu ya maporomoko peke yangu nikarudi nimelowa chapachapa.

Kwa hiyo Mzee na Da Binti mlishinda, nilikuja kwa ajili ya maji nikaondoka naongelea paa. Jumatatu tunarudi kwa daktari.

Dada Kibosho, mama anauliza vile vibibi vinavimba katikati kwa sababu ya hamira au kuna kitu kingine?

Dada_Kibosho
Mwambie shikamoo zake. Zamani wanachachushia tembo la mnazi, siku hizi wengi wanatia hamira na kulaza unga usiku kucha. Mafuta hamna, kikaango kiwe kimebonyea katikati kama bakuli, na ukishamimina unakizungusha mara moja tu.

Bhai_wa_Makupa
Na afunike. Mke wangu anasema mkisahau kufunika mtakula chapati.