Kivumbasi, mwarobaini au pareto: kipi kinaua mbu?

MamaZai_Muheza: Shikamooni wakubwa. Nyuma ya nyumba kuna shimo walilochimba udongo wa matofali, limejaa maji tangu masika na viluwiluwi vinacheza humo. Jioni nafukiza kivumbasi, moshi ukiisha mbu hao. Dawa ya dukani ya kupuliza inambana mtoto kifua. Kuna mmea unaowaua kabisa?

Mkulima_Mufindi: Marahaba mwanangu. Kivumbasi kinafukuza tu, na moshi kwa mtoto wa kifua nao si salama. Kinachoua ni pareto, tunayolima huku. Sumu yake iko katikati ya ua, kwenye vile vimbegu. Petali nyeupe karibu hazina kitu. Inashika mishipa ya fahamu, mbu anaanguka miguu juu. Ila jua linaiharibu upesi, na inaua samaki, usiimwage bwawani.

Kwa shimo lako, twanga mbegu za mwarobaini (majani ni dhaifu), loweka usiku kucha, chuja, mwaga. Haziui papo hapo: viluwiluwi vinashindwa kujivua gamba, haviwi mbu. Itabidi urudie.

Juma_K: Mzee, hiyo pareto si ndiyo dawa ya vyandarua?

Mkulima_Mufindi: Ile ya vyandarua vingi imetengenezwa maabara kwa kuiga pareto, na mbu wa sehemu nyingi wameizoea. Chandarua usiache hata hivyo. MamaZai, kifusi kinapatikana hapo? Fukia hilo shimo kwanza.

MamaZai_Muheza: Kipo, mwenye shimo ndiye hataki. Nitamfuata na mjumbe.