Kadi ya chama cha wanaradiografia inatosha, au lazima mafunzo ya usalama wa mionzi?

binti_songea: Habari zenu wakuu. Nimemaliza diploma ya radiografia, nipo kituo chenye mashine moja ya eksirei. Mkuu wangu anasema kadi ya chama cha wanaradiografia inatosha, mafunzo ya usalama wa mionzi yasubiri bajeti. Kibeji cha kupima mionzi tunapokezana wawili. Ni sawa kweli?

fundi_eksirei: Si sawa, mdogo wangu, na inaniuma kusikia hivyo. Chama ni hiari. Jiunge, utapata semina na watu wa kuwauliza. Leseni ya kazi inatoka Baraza la taaluma yetu, na mionzi inasimamiwa na TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003. Kadi haikukingi. Hicho kibeji ni cha mtu mmoja: mkipokezana, dozi inayosomwa si yako wala ya mwenzako. Kikomo chetu ni wastani wa milisiviti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Utajuaje umefika wapi?

Kagua na aproni ya kukinga mionzi. Ikikunjwa kitini, madini ya risasi yaliyomo hupasuka kwa ndani, nje huoni kitu. Itundike, kisha omba ipimwe chini ya mashine ya eksirei.

mama_wawili: Ukipata ujauzito, toa taarifa kwa maandishi mapema. Na mtoto akihitaji kushikwa wakati wa kupigwa picha, ashike mzazi aliyevaa aproni, usiwe wewe kila siku.

binti_songea: Asanteni sana. Kesho naandika barua, kibeji changu kwanza.